Matundu Arobaini na Ine

Jumatano, 14 Januari

Jana, Jumanne tarehe 13 Januari, nilipoteza nyuki zangu zote nyeusi. Ninaandika tarehe ili kesho mutu asikuje kuniambia eti niliota. Zile kubwa, nene kama kidole gumba, zenye kulia kama pikipiki inayopanda mulima na mizigo. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa ninahesabu makumi tatu kwa asubui moja. Jana: sufuri. Leo: sufuri.

Maua ya maracuja, ile batu bengine banaita pasheni, yaliyofunguka leo: 118. Ua la maracuja linafunguka asubui, saa sita linajifunga, basi. Kama nyuki haikuliingia mbele ya saa sita, kesho linaanguka. Halina siku ya pili.

Niandike na hii, sababu hili carnet, daftari langu, ni jipya. Mimi ni Kavugho, batu bananiita Mama Phinées. Nina miti 24 ya maracuja kwenye nguzo 31, nyuma ya nyumba, hapa Butembo, mahali batu balikuwa banatupa uchafu. Uchafu niliutoa mwenyewe, nikisukuma brouette ya gurudumu moja mara 212. Hakuna aliyenisaidia, na sikumuomba mutu. Kule Oicha vita ilinikimbiza, niliacha miti 600 ya kakao ambayo nilipanda na sikuvuna hata kikombe. Mbele ya Oicha, kule Eringeti, niliacha mihogo ikiwa ardhini. Nimepanda mara tatu katika maisha yangu. Hii ya tatu nitavuna.

Alhamisi, 15 Januari

Yaliyofunguka 124. Nyuki sufuri. Vumbi mpaka ndani ya sufuria.

Jumamosi, 17 Januari

Nilishitaki kinyonga. Anakaa kwenye nguzo ya tisa, rangi ya jani bichi, jicho moja kwangu na lingine kwa mambo yake. Nilisema ni yeye anakula nyuki. Nilikaa kwenye kiti tangu saa moja mpaka saa ine na nusu nikimuangalia. Alikula mainzi 7 na panzi 1. Nyuki hapana. Nilimuacha huru, mais nilimwambia kwamba ninamuangalia.

Ndege wa mikia mirefu nabo nilibachunguza. Hao banakula majani na matunda, hawana haja na nyuki.

Phinées, mwana wangu, alipiga simu. Anatengeneza pikipiki kule Beni. Anauliza kama bidon ya vidange, ile mafuta nyeusi inayotolewa ndani ya pikipiki, aliyonitumia ilitosha. Ilitosha na ikabaki. Tangu Noeli mpaka tarehe 10 nilipaka nguzo zote 31, toka chini mpaka juu, mara mbili. Sasa ni nyeusi, zinang'aa kama viatu vya padri, na muchwa hata mumoja hapana. Mbele ya kupaka niliziba na matundu yote, udongo na vidange, kidole kwa kidole: matundu 44. Nguzo iliyotoboka haivumilie mvula ya mwezi wa tatu, inaanguka na miti yote juu yake. Phinées akasema, "Mama, weye ulipashwa kuwa ingénieur." Nilimwambia hakuna masomo iliyonipita, ni njia tu ilifungwa.

Jumatatu, 19 Januari

Nimejua.

Jirani yangu wa chini ni Muzee Syauswa, batu banamuita Baba Séphora. Mujane kama mimi, muprotestanti, mutu wa kusema kidogo. Ana choux, kabichi, safu sita upande wa pili wa clôture, uzio ulio kati yetu. Leo saa moja asubui nilimuona na pompe mugongoni, sachet ya plastiki kichwani, anapuliza dawa. Nikafungua akili yangu: Jumatatu iliyopita alipuliza pia. Jumatatu tarehe 12 anapuliza, Jumanne tarehe 13 nyuki hazipo. Hesabu ya darasa la pili.

Nikaenda kwenye clôture.

"Wavukire, Baba Séphora."

"Wavukire, Mama Phinées."

"Iyo dawa ni ya nini?"

"Ya viwavi. Nisipopuliza, bitakula choux, kiisha bitaniingilia mu nyumba."

"Inaua na nyuki?"

Akasimamisha pompe. Akafikiri. "Mungu anajua."

"Mungu anajua, mais mi niko nakuuliza weye. Nyuki zangu nyeusi zimeisha. Mwaka jana makumi tatu, saa hii sufuri."

Akacheka ndani ya sachet. "Eeh, mama! Unahesabia mpaka nyuki? Mvula ikikuja utahesabia matone?"

"Nitahesabia."

Akageukia choux zake. Pompe ikaendelea: shii, shii.

Jumanne, 20 Januari

Yaliyofunguka 131. Nyuki sufuri. Najua ni nani.

Ijumaa, 23 Januari

Juma iliyopita nilifunga uzi mwekundu kwenye maua 100. Leo nimehesabu nyuzi. Maua yaliyoshika tunda: 9. Nyuzi 91 zimefungwa juu ya hewa. Mwaka jana yalishika 78 kwa 100. Nilihesabu mara ya pili toka upande wa juu, nikizani nilikosea. 9.

Jumatatu, 26 Januari

Amepuliza tena. Jumatatu ya tatu. Nimeandika saa: moja na dakika kumi mpaka mbili kasoro robo. Kesho ninaenda kwa chef de cellule, mukubwa wa mutaa wetu, Kahongya.

Jua linatoka jekundu kama mutu aliyelia. Kule milimani banachoma majani, moshi haipandi, haiondoki. Hakuna wingu.

Jumamosi, 31 Januari

Tulikutana kwa Kahongya, saa tisa. Kwenye mabenchi kulikuwa batu 14, nilibahesabu mbele ya kusema, juu ninapenda kujua niko nasema mbele ya bangapi.

Nilifungua carnet. Nikasoma: tarehe, saa, maua, nyuki, nyuzi. Batu balianza kutazamana. Victoire anayekaanga mikate kwenye kona akasema, "Tantine, na izo nyuki ziko na carte d'électeur ya kupiga kura?" Bakacheka. Hata Kahongya alificha mudomo na mukono.

"Victoire," nikamwambia, "jus ya maracuja uliyokunywa ku ndoa ya dada yako, ni nani aliitengeneza?"

"Ni weye, tantine."

"Ni nyuki. Mimi nilikamua tu."

Hapo kicheko kilikatika. Nikaeleza: bila nyuki ile nyeusi, ua haishike. Ile ndogo ya asali inaingia, inaiba, inatoka bila kugusa mahali inapashwa kugusa. Ni ile kubwa tu ndiyo inabeba unga wa njano mugongoni. Bila yeye nina miti 24 ya majani, na majani haikamuliwi. Na nikasema jina: Syauswa. Nilisema kwa sauti kubwa, mara mbili, ili lisipotee.

Kahongya akamgeukia. "Muzee, unasema nini?"

Syauswa alisimama, kofia mukononi. Aliniangalia kwa muda murefu, kama mutu anayechagua kati ya maneno mawili. Kiisha akasema, "Siwezi kubishana na carnet. Nitaacha dawa mpaka mvula. Mungu anajua."

Basi. Nilirudi kwangu na ushindi. Nilipika sombe na samaki. Nilikula peke yangu, chumvi ilikuwa mingi.

Jumatatu, 2 Februari

Hakupuliza. Yaliyofunguka 140. Nyuki sufuri. Ni mapema bado.

Jumanne, 3 Februari

Nimeanza kazi ya nyuki mwenyewe. Kidole cha shahada: unagusa unga, unapaka kwenye vichwa vitatu vya katikati, unaenda kwa lingine. Leo maua 96 mbele ya jua kunishinda. Yaliyofunguka yalikuwa 143. Yaliyobaki nilisikia aibu kuyaangalia.

Jumatano, 4 Februari

Kidole 101. Kwa 150.

Alhamisi, 5 Februari

Kidole 99. Kwa 163. Shingo inauma. Wingu moja juu ya mulima, likaenda upande wa Kayna bila hata kusalimia.

Jumatatu, 9 Februari

Syauswa hajapuliza wiki mbili sasa. Kwangu nyuki sufuri. Kwake viwavi vimeingia. Kutoka kwenye kiti changu ninaona choux 60, na nyepesi kuhesabu ni zile nzima: 19.

Alikuwa anatoa viwavi kwa mukono, kimoja kimoja, anaviweka ndani ya kopo. Nilipita kwenye clôture na arrosoir ya kumwangilia maji. Niliona kopo imejaa.

Jumamosi, 14 Februari

Choux nzima: sufuri. Séphora, binti yake, alizikata zote na panga akapeleka kwa nguruwe. Hakunisalimia.

Nilikaa na hesabu. Wiki mbili na siku tano tangu pompe ya mwisho. Dawa ya namna gani inakaa siku 19? Na kama Syauswa ndiye aliyeziua, juu ya nini nyuki ndogo za asali zinaendelea kunywa kwangu, zile ambazo dawa ingeziua kwanza? Niliona hilo swali tangu siku ya kwanza. Sikuliandika. Ninaliandika leo.

Phinées amepiga simu: Beni imenyesha, mara mbili, na radi. "Mama, mvula iko inakuja kwenu." Furaha gani? Mvula ikikuja, maracuja inatoa maua ya pili, yale mengi, 300, 400 kwa asubui. Na asubui ya mvula kidole hakifanye kazi, unga unalowa na kupasuka. Nyuki inajua kungojea dakika kumi za jua kati ya mvula mbili. Mimi nina mikono miwili na nguo zilizolowa. Bila nyuki mbele ya mvula, mavuno ni yale ya kidole tu, kama ndoo ine. Kiisha sitakuwa na jus, sitakuwa na mbegu, na nitakuwa nimepanda mara tatu bure.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Padri alinipaka kwenye paji, akasema neno lake. Kidole 88, kwa 171. Kidole cha njano, paji jeusi.

Ijumaa, 20 Februari

Ninaandika polepole ili niandike vizuri.

Leo saa moja na dakika ishirini, nikiwa kwenye safu ya tatu, nilisikia pikipiki inayopanda mulima. Sikugeuka haraka, niliogopa. Ilikuwa moja. Nyeusi, kubwa, mabawa ya rangi ya petroli juani. Nikazani itaingia kwenye ua. Haikuingia. Ilienda kwenye nguzo ya kumi na mbili. Ikasimama hewani mbele ya nguzo, urefu wa kiganja, hapo hapo. Ikakaribia. Ikagusa. Ikarudi nyuma kama mutu aliyechomwa. Ikazunguka. Ikarudi mahali palepale. Mara tatu, nilihesabu, mara tatu. Kiisha ikapanda juu, ikapita clôture, ikaenda kwa Syauswa.

Nilienda kuangalia ilikuwa inatafuta nini pale. Palikuwa na doa la udongo, duara, kama kifuniko cha chupa ya Fanta lakini dogo. Kizibo changu mwenyewe. Tundu langu moja kati ya 44.

Nilikaa chini. Nilikuwa ninasema siku zote hizi nyuki zinatoka kule kwenye msitu wa misheni, kwamba zina muzinga fulani kama nyuki za asali za baba yangu. Hakuna aliyeniambia vingine, na sikumuuliza mutu.

Nilileta kisu na shoka ndogo. Nilipasua nguzo ya kumi na mbili kwa upole. Ndani kuna njia, nyororo kuliko kazi ya seremala, inapanda juu na inashuka chini. Ndani ya njia kuna vyumba vidogo, kila kimoja na ukuta wa unga wa mbao. Katika kila chumba, donge moja la unga wa njano, unga wa maua yangu, na juu ya donge mutoto mweupe, aliyekauka. Vyumba 6. Na kwenye mulango, nyuma ya udongo wangu, mama. Vidange ilikuwa imemushika miguu. Kichwa chake kiliangalia mulango.

Nilifungua matundu 5 mengine. Mawili yalikuwa matupu. Matatu yalikuwa hivyo hivyo. Nikaacha. Sikuhitaji kuhesabu yaliyobaki, hesabu niliiandika tarehe 17 Januari, na majivuno.

Kule Oicha niliona nyumba zilizofungwa vile, na batu ndani. Sitaandika zaidi.

Nilipoteza nyuki zangu tarehe 13. Hapana. Niliziua kati ya Noeli na tarehe 10, na tarehe 13 ndipo nilipoona.

Jumamosi, 21 Februari

Nilienda kwa Syauswa. Nilipita kwa mulango wake wa mbele, kama mugeni, sikusimama kwenye clôture.

"Baba Séphora, nyuki moja nyeusi ilipita kwako jana. Ilienda wapi?"

Hakuuliza nyuki gani. Alinipeleka nyuma, kwenye muti wake wa avoka, ule uliokufa miaka miwili sasa, mukavu, bila gome. Chini yake kulikuwa unga wa mbao, mweupe, mupya. Juu, upande wa jua, matundu. Nilihesabu 7. Moja ilitoka ikatuangalia.

"Zilikuja lini?"

"Wiki ile ulikuwa unapaka nguzo. Tatu, kiisha ine. Niliona zinatoka kwako. Nikasema, harufu ya vidange imezifukuza."

"Ulijua!" Sauti ilinitoka. "Ulijua, na ukasimama kwa Kahongya mbele ya batu 14, ukasema huwezi kubishana na carnet!"

Akakuna shingo. "Batu balikuwa banacheka tayari, Mama Phinées. Ningesema ni weye, bangekucheka weye mpaka Pasaka. Uko peke yako. Mi niko na kanisa, niko na Séphora. Na dawa nayo si maziwa, pengine iliua moja, mbili. Choux inaota tena."

Alinihurumia. Sikumuomba huruma. Nilitaka kukasirika, nilitafuta mahali pa kushikia hasira, na kila mahali palikuwa na vidange.

"Basi huu muti," nikasema, "tuuchunge. Nyuki saba zitazaa. Nitaweka mbao kavu karibu, bila kupaka kitu, mwaka kesho zitavuka tena kwangu."

Akaangalia chini.

"Muti nilishautoa kuwa kuni. Conférence ya bamama ku kanisa letu, Jumamosi ijayo. Bamama 200, chakula siku mbili. Bijana banakuja na msumeno tarehe 28, saa kumi na mbili asubui. Nilisimama nikaahidi mbele ya kanisa zima. Neno imetoka."

"Neno inaweza kurudi?"

"Mungu anajua."

Jumapili, 22 Februari

Kidole 60. Sikuwa na nguvu. Mawingu kila upande.

Jumatatu, 23 Februari

Mvula. Ilianza saa nane, haikuomba ruhusa. Mashina yanakunywa, ninasikia harufu. Nilisimama mulangoni nikajaribu kuhesabu matone kwenye bati moja, juu nilisema nitahesabia. Nilishindwa kwenye 40.

Jumatano, 25 Februari

Vichwa vya maua mapya: nimehesabu kwenye miti mitatu, vinakaribia 50 kwa muti. Kwa miti 24 ni 1.200. Vitafunguka kisha siku kumi hivi, kwa asubui tatu ao ine.

Nimetundika vipande 12 vya mikaratusi mikavu, bila vidange, upande wa clôture unaoangalia avoka. Nimemuona Syauswa saa kumi. Nimemuuliza tena. Amejibu lile lile. Siwezi kulala juu ya "Mungu anajua". Mungu anajua, ndiyo, mais msumeno haumuulizi.

Alhamisi, 26 Februari

Nimeandika barua. Ninainakili hapa kabla ya kumupelekea Séphora mukononi, ampe baba yake.

"Baba Séphora,

Jambo la kwanza. Tarehe 31 Januari nilisema jina lako mara mbili mbele ya batu 14. Kesho Ijumaa saa kumi nitasimama kwa Kahongya, nimekwisha kumuomba aite bale bale 14, Victoire ndani, na nitasema ni mimi niliyeziba matundu 44 na vidange. Nitasema mara mbili. Bacheke mpaka Pasaka. Nitasema na choux 60. Hii si bei ya muti. Nitafanya hata ukikata.

Jambo la pili. Nimepima kivuli cha muti wako kwa kamba, nikiwa upande wangu wa clôture, saa tatu. Ukikatwa na kupasuliwa unatoa mizigo 9 ya kuni. Avoka inatoa moshi na inaisha haraka, bamama 200 batalia machozi juu ya sufuria. Mimi nina jikoni mizigo 11 ya mikaratusi, mikavu kabisa, niliyoweka kwa mvula hii yote. Ni yako yote 11. Neno lako mbele ya kanisa lilikuwa kuni, halikuwa avoka. Neno halitarudi, litabadilisha muti tu. Nitapika na nini? Hiyo ni hesabu yangu.

Jambo la tatu. Kwenye muti wako kuna nyuki 7. Ni zote zilizobaki, nimetafuta kwenye parcelle zote za avenue, nyumba 22. Maua yangu 1.200 yataanza kufunguka mwisho wa wiki ijayo. Nimepanda Eringeti, nimepanda Oicha, nimepanda hapa. Mara mbili za kwanza sikupata mutu wa kumuuliza. Mara hii uko upande wa pili wa clôture.

Bijana banakuja Jumamosi tarehe 28, saa kumi na mbili. Mimi nitakuwa chini ya avoka tangu saa kumi na moja, kuni zikiwa tayari mulangoni kwako. Ninataka jibu kwa mudomo wako mbele ya saa kumi na mbili. Unaacha muti ao unakata?

Sema ndiyo. Sema hapana. Usiniambie Mungu anajua. Yeye sikumuuliza. Nimekuuliza weye.

Kavugho, Mama Phinées."